Shukrani Katika Katoni ya Viatu

Niliokoka nikiwa na miaka kumi na tisa, katika kanisa la mabati nje kidogo ya Nakuru, na tangu siku hiyo nikafundishwa kwamba mtu anayeomba hufumba macho. Guangzhou, huku Uchina, imenifundisha kuomba macho wazi. Naomba nikiutazama mlango, nikitazama simu ya jirani imeelekezwa wapi, nikijiuliza kama yule aliyekaa kiti cha mwisho namjua. Nikisema amina huwa hata sikumbuki niliomba nini. Haya si maisha ya mtu aliyetulia, na sitajifanya nimetulia.

Nina miaka kumi na mmoja hapa. Nanunua viatu soko la Zhanxi, karibu na stesheni ya treni, kwa niaba ya wateja wa nyumbani. Nafungasha, namkabidhi ajenti apakie kontena kule bandari ya Huangpu. Kazi yenyewe si ngumu ukishajua kuzikataa bei tatu za kwanza. Kilicho kigumu ni Jumapili.

Masharti nayaeleza jinsi tulivyoelezwa sisi. Wageni tunaruhusiwa kuabudu pamoja, mahali panapojulikana na wakubwa, kwa orodha ya majina na pasi mkononi. Tusichoruhusiwa ni kumhubiria mwenyeji, wala kumwingiza katika ibada yetu. Wenyeji wana makanisa yao yaliyosajiliwa. Sisi tuna chumba cha kukodi ghorofa ya sita, juu ya duka la mapazia. Karatasi ya masharti imebandikwa mlangoni. Mchungaji wetu, Mtanzania wa Mbeya ambaye siku za kazi husimamia upakiaji ghalani, huisoma kila Jumapili kabla ya wimbo wa kwanza, taratibu, kana kwamba ni kitabu cha sitini na saba cha Biblia. Na kwa ajili ya wenye duka la mapazia tumejifunza kupiga makofi bila mlio: tunainua mikono na kutikisa vidole hewani. Mgeni akituona mara ya kwanza hudhani tunakausha rangi ya kucha.

Zamani tulikuwa ushirika mmoja. Kisha akaja mwinjilisti, mama wa Kitaita, mfupi, muuza nywele bandia, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alisema injili iliyofungiwa chumbani haina tofauti na chumvi iliyosahauliwa kabatini. Alitaka tugawe vijikaratasi vya maandiko kwa madereva wa teksi. Mchungaji akamwambia kwamba yeye akikamatwa ataitwa shujaa, lakini familia arobaini zenye watoto shuleni zitarudishwa nyumbani bila kuulizwa. Wakavutana miezi. Siku ya kuachana hawakugombania mafundisho hata kidogo, waligombania chupa za chai. Tulikuwa na chupa sita kubwa, na nne mwinjilisti ndiye aliyezileta. Akazibeba zote nne, mbili kila mkono, akashuka nazo ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imejaa, na nusu ya ushirika ikamfuata hadi chumba cha nyuma cha mkahawa wa Mkongo mmoja.

Mimi nikabaki kwa mchungaji. Nilijiambia ni utii. Ukweli ni kwamba kibali changu cha kukaa hufanywa upya kila mwaka, na mimi ni mwoga. Tangu siku hiyo chai haikutosha.

Sasa nimtaje mwanamke wa viatu. Ana kibanda Zhanxi, ndani ya jengo la ghorofa nne ambako mikokoteni inakupita visigino usipoangalia. Umri wake unakaribia hamsini, huvaa aproni yenye mifuko mingi, na Kiswahili chake ni cha sokoni: bei, mzigo, rafiki, hapana. Kila Mwafrika anayepita humwita rafiki. Mimi, baada ya miaka tisa ya kuvutana naye juu ya soli na gundi, aliacha kuniita rafiki akaanza kuniita dada. Mimi humwita laoban, yaani bosi, kama soko zima linavyomwita kila mwenye duka.

Siku moja aliniuliza kwa nini Jumapili huwa siji. Kibanda chake hakina Jumapili; hufunga siku chache za mwaka mpya wao, basi. Nikamwambia Jumapili napumzika.

"Nani anakulipa kupumzika?" akauliza.

Nilicheka, naye akacheka, lakini swali alikuwa ameliuliza kwa dhati. Nikamjibu kwamba Mungu wangu alipumzika, nami si mkubwa kuliko yeye. Je, hayo yalikuwa mahubiri? Nilitembea hadi kituo cha treni ya chini nikijihoji kama wakili wa upande wa pili.

Mwaka uliofuata binti yake alikuwa anakaribia mtihani mkuu wa kuingia chuo kikuu. Ukimwona mzazi wa Kichina katika miezi ile utamhurumia. Alikonda, akakosea saizi, akanipa viatu vya kushoto vitupu katoni nzima. Asubuhi moja akanishika kiwiko, akaniambia kwa Kichina, polepole ili nielewe: "Dada, huyo Mungu anayepumzika, mwambie habari za mtoto wangu."

Nifanye nini? Juu yetu palikuwa na kamera, na wateja walikuwa wanapita. Nikachukua kiatu kimoja cha wanaume, yeye akashika kisigino mimi nikashika pua, tukainama kama watu wanaokagua mshono, nikaomba kwa Kiswahili kwa sauti ya kupatana bei. Macho wazi. Nilipomaliza nikasema "amina" nikakirudisha kiatu rafuni. Jumapili ile nikawaomba wenzangu wamwombee mtoto wa rafiki yangu mmoja, bila kutaja zaidi, na wakamwombea wiki tatu mfululizo.

Binti akafaulu.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu ni la Mkenya mtupu. Tulipokuwa tukishangilia pale kibandani, nikamsimulia jinsi nilivyofaulu mtihani wangu wa kidato cha nne, mama yangu akabeba kuku hadi kanisani kutoa shukrani, na kuku akafunguka kamba katikati ya mahubiri akaingia chini ya mimbari. Alicheka mpaka akaketi juu ya makatoni. Kisha akauliza kwa nini mama hakushukuru tu nyumbani, kimya kimya. Nami, kwa kujidai, nikajibu: "Kwetu shukrani haifichwi, laoban. Usipoitoa mbele za watu, bado hujashukuru."

Nilisema kumchekesha. Nilisahau kwamba mfanyabiashara mzuri hasahau alichoambiwa kina sharti. Aliniuliza wenzangu, ambao nilimwambia walimwombea binti, wako wapi. Nikamwambia aende kanisa la wenyeji, lile kubwa lenye geti, nikamwandikia hata kituo cha kushuka. Baada ya wiki akaniambia alikwenda, akaketi nyuma, wakaimba vizuri. "Lakini wao hawakumwombea mtoto wangu," akasema. "Walioomba ni ninyi." Nikabadilisha mazungumzo. Sikukumbuka kwamba anwani ya chumba chetu alikuwa nayo, maana niliwahi kumwagiza atume pale viatu vya watoto wa Shule ya Jumapili.

Mwaka huohuo kibali cha chumba kilikuwa kinafanywa upya, na ofisini wakasema hawataki tena makundi mawili ya lugha moja. Wanataka orodha moja na mtu mmoja wa kuwajibika. Jambo lililowashinda wachungaji watatu waliokuja kutupatanisha, afisa mmoja mwenye fomu aliliweza kwa dakika tano. Ikapangwa Jumapili ya umoja, Meza ya Bwana tushiriki pamoja. Msimamizi wa jengo angesimama ukumbini kulinganisha pasi na orodha, kila jina. Zamu ya mlangoni tukapangwa mimi kutoka upande mmoja na mwinjilisti kutoka upande wa pili, ili asiwepo wa kusema ameonewa.

Ilikuwa Julai, joto la kunata. Watu walisalimiana "Bwana asifiwe" kwa kunong'ona, wakitazamana kama wakwe waliokosana. Tulikuwa tumeingiza kama nusu hivi, lifti ikafunguka, akatoka mwanamke wa viatu.

Hakuwa na aproni. Alivaa gauni la rangi ya zambarau, midomo ameipaka rangi, nywele amezitengeneza. Mikononi alibeba katoni ya viatu, moja ya katoni zake mwenyewe, na kifuniko kilikuwa kimeinuka kidogo nikaona lichi zimejaa, zile zenye ganda jekundu, ndugu wa shokishoki. Alikuwa anatabasamu. Alinitazama mimi tu.

Msimamizi wa jengo akainua kichwa kutoka kwenye orodha. "Huyu nani?"

Aliuliza kwa Kichina, nami nikajibu kwa Kichina, haraka, bila hata kuvuta pumzi: "Muuza viatu. Ameleta mzigo."

Nilimwona akisikia. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki kidogo kama mtu aliyesahau kulizima. Kisha akamgeukia msimamizi akasema, "Ndiyo. Viatu." Akaiweka katoni sakafuni, akaisukuma kwa mguu hadi kwangu, akarudi kwenye lifti. Alisimama mle ndani akitazama namba za ghorofa mpaka mlango ukafunga.

Mwinjilisti alikuwa ameelewa kwamba nimedanganya. Alinibana mkono mpaka ukauma.

Sijui ibada ile ilikwendaje. Nilisimama, nikaketi, nikasimama. Kikombe kilipofika kwangu nilikipitisha kwa jirani bila kunywa. Nilijiambia nimemwokoa: angeandikwa jina, angeitwa kuhojiwa, kibanda chake kingeingia mashakani kwa ajili yetu. Yote hayo ni kweli. Lakini niliposema yale maneno sikuwa nimemfikiria yeye hata kidogo. Niliiona pasi yangu, na ukurasa wenye kibali changu. Baada ya ibada, kwenye chai, mtu akafungua katoni. Pande zote mbili wakala, wakasifu utamu, maganda yakajaa meza. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili watu wale kula kitu kimoja.

Ninaishi na mama mmoja wa Unguja, muuza vitambaa, Mwislamu wa swala tano, ambaye hunitania kwamba kanisa letu lina siri nyingi kuliko kitchen party. Nilipomsimulia alikuwa anakunja nguo. Akaacha.

"Na lichi mkazila, shoga yangu?"

"Wenzangu walizila."

"Mtu kaleta shukrani kwa Mola wake, mmemrudisha mlangoni, na shukrani yake mkaila." Akaendelea kukunja. "Mwamwogopa afisa, Mungu hamumwogopi."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye hajui masharti yetu. Akajibu kwamba masharti anayajua, yeye pia ni mgeni hapa, anachouliza ni lichi tu.

Jumatatu nikaenda Zhanxi mapema. Alikuwa na aproni yake, anapanga raba. "Rafiki," akaniambia, "unataka saizi gani?" Akanitajia bei, ile ya watu walioshuka uwanja wa ndege wa Baiyun jana wakiwa bado na vumbi la ndege. Nikaanza kuomba radhi kwa Kichina changu kibovu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ulisema kweli," akasema. "Mimi ni muuza viatu."

Sikununua kitu. Nilitoka hadi ghalani kwa mchungaji, na huko nikamkuta mwinjilisti, wanabishana jina la nani litangulie kwenye fomu. Nikawaeleza yote, kuanzia kiatu tulichokishika wawili. Mwinjilisti akalipuka.

"Unaona, mtumishi? Unaona? Mimi naambiwa nisigawe vikaratasi, na Mungu anawaleta wenyewe kwa lifti!"

"Mama, subiri," mchungaji akasema. Akanigeukia. "Dada, ulifanya sawa. Ungesema lingine, saa hizi tungekuwa uwanja wa ndege na mabegi yetu." Nilingoja nione kama maneno hayo yatanipa raha. Hayakunipa. Naye nadhani hayakumpa, maana alianza kuchora kitu kwa kidole juu ya boksi lenye vumbi. "Huyo mtoto ndiye yule tuliyemwombea wiki tatu?"

"Ndiye."

"Na mama yake alitaka kushukuru tu?"

"Mbele za watu. Nilimwambia mimi."

Akasimama, akatafuta kofia yake. "Masharti yanasema tusimlete kwetu, na tusimhubirie. Hatutamleta, na hatutahubiri. Tutakwenda kusikiliza." Kisha akamtazama mwinjilisti kwa mashaka ya haki. "Mama, wewe unaweza kunyamaza robo saa?"

"Sijawahi kujaribu," mwinjilisti akasema, akachukua mkoba wake.

Sijui kama mchungaji alikuwa sahihi kisheria. Nilijiuliza njia nzima. Niligeuka nyuma mara nne kati ya kituo na soko, na mara ya nne mwinjilisti akaniambia nikigeuka tena nitakuwa nguzo ya chumvi.

Tulimkuta peke yake. Akatuona watatu, akafunga uso. Nikamwambia, "Dada, ulitaka watu. Nimeleta watu. Hawa ni wawili kati ya walioomba." Nilimwita dada, si laoban.

Mkokoteni ukapita, mwenye mkokoteni akatupigia kelele tumpishe. Kisha akanyoosha mkono rafuni, akashusha jozi moja ya viatu vya wanaume, vyeusi. Cha kushoto akampa mchungaji. Cha kulia akampa mwinjilisti. Alikumbuka jinsi inavyofanywa. Wakasimama wale wawili ambao kwa miaka miwili hawakunywa kutoka chupa moja ya chai, kila mmoja na kiatu chake, wakiinamia mshono.

Akaongea kwa Kichina, macho yake kwenye viatu. Niliwatafsiria kwa kunong'ona nilivyoweza: kwamba yeye hakusoma, mama yake hakusoma, na mtoto amepata chuo. Kwamba siku za mtihani yeye mwenyewe, mama, alikuwa haogopi, na alishangaa kwa nini haogopi. Kwamba anamshukuru Mungu wa watu wanaopumzika, na anawashukuru watu wake, ingawa mlango wao ni mwembamba. Akamaliza. Akatutazama kama anayeuliza kama imefanywa vizuri.

Mwinjilisti alikuwa analia, midomo ameikaza. Mchungaji akainua mkono usio na kiatu, akatikisa vidole hewani. Sote tukatikisa vidole. Mwanamke akatazama vidole vyetu, akainua vyake, akaiga. Kisha akaja mteja, naye akamgeukia akamtajia bei.

Nikitoka akaniambia, "Dada, wiki ijayo kuna mzigo mpya." Nililia kwenye treni bila kujali nani ananitazama.

Umoja wetu usiudhani mkubwa. Fomu ilipita, jina la mchungaji likatangulia, na mwinjilisti akarudisha chupa mbili kati ya zile nne. Mbili bado ziko mkahawani. Tunaendelea kuombeana.

Lakini mimi moyo haukutulia. Mwezi wa tisa zikavuma habari kwamba kuna wakaguzi wanapita Zhanxi, wanauliza maswali. Ijumaa nikamwandikia mwanamke wa viatu, akajibu. Jumamosi usiku nikamwandikia tena, kimya. Jumapili asubuhi, kimya. Nilikuwa tayari nimevaa, Biblia imo mkobani, na miguu ikakataa kuelekea kanisani. Kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja nikapanda treni ya kwenda sokoni siku ya Bwana. Nilihesabu vituo kwa sauti, watu wakasogea mbali nami.

Jengo lilikuwa wazi, soko limejaa kama siku nyingine yoyote. Shata la kibanda chake lilikuwa chini.

Nilijua. Ni kile kiatu, ni ile lifti, ni mdomo wangu na kuku wa mama yangu. Nikamkimbilia mama wa kibanda cha jirani, nikamuuliza yuko wapi, nani amekuja, wamemchukua lini. Kichina chote kikanitoka ovyo ovyo. Yeye alinitazama kwa mshangao, akaongea kwenye simu yake, akanigeuzia ili itafsiri, na ile sauti ya mashine ikasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Bosi anapumzika. Siku hizi kila Jumapili anapumzika."

Nikasimama pale mbele ya shata. Ilikuwa saa nne na robo. Ghorofa ya sita, mchungaji alikuwa anamaliza kusoma masharti. Mkokoteni ukanigonga kisigino, mwenyewe akanifokea nimpishe, nikampisha. Kati yetu sisi wawili, aliyekuwa sokoni Jumapili ni mimi.